Wewe Unayeajiri, Zuia Unyanyasaji wa Kingono Mahali pa Kazi



Tukizungumza juu ya afya kambini, mara nyingi tunataja maji safi, choo, chandarua na chanjo. Leo somo letu linahusu jambo jingine linaloleta ugonjwa, linalovunja ndoa na kuwatoa mabinti kazini, lakini watu wanaliongea kwa kunong'ona. Jambo hilo ni unyanyasaji wa kingono mahali pa kazi.

Tumezoea kumwambia anayenyanyaswa: jihadhari, vaa vizuri, usirudi usiku. Somo hili linasema na mtu mwingine, yaani yule anayetoa kazi. Yeye ndiye mwenye uwezo wa kuzuia mambo haya kabla hayajatokea. Tunaandika kwa heshima kwa wazee, mama na ndugu wote wenye biashara na mashamba.

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
- kutambua unyanyasaji wa kingono kazini;
- kueleza madhara yake kwa afya, na sheria inasema nini;
- kupanga kazi yako ili usitokee;
- kujua la kufanya mfanyakazi akikuletea malalamiko.

1. MWAJIRI NI NANI?

Wengi wakisikia neno "mwajiri" wanafikiria mkuu wa shirika mwenye gari jeupe. Si huyo tu. Ukimlipa mtu akufanyie kazi, hata kwa siku moja, hata kwa kumpa unga badala ya pesa, wewe ni mwajiri. Kwa hiyo waajiri ni hawa wote:
- mwenye hoteli, baa, duka, saloni au mashine ya kusaga;
- fundi cherehani au fundi seremala mwenye wanafunzi;
- mwenye shamba anayeita watu wa leja-leja;
- mama wa nyumbani mwenye msichana wa kazi;
- mkandarasi wa vyoo, barabara au nyumba.

Usimsahau kapita. Yeye si mwenye kazi, lakini ndiye anayeandika majina, anayepanga nani aje kesho na anayeshika pesa za siku. Machoni pa kibarua, kapita ndiye bosi. Anachofanya kapita kwa jina lako, kitakurudia wewe.

2. UNYANYASAJI WA KINGONO KAZINI NI NINI?

Ni neno, tendo, ishara au picha ya mambo ya ngono ambayo anayefanyiwa hakuitaka, na ambayo inamharibia kazi, amani au heshima yake. Tunaweza kuugawa katika aina tatu.

(a) Kudai ngono kwa ajili ya kazi. "Ukinikubali nitakuandika." "Ukikataa, kesho usije." "Mshahara wako uko nyumbani kwangu, njoo uuchukue jioni." Hii ndiyo rushwa ya ngono.

(b) Maneno na picha. Kusifu maziwa na makalio ya mfanyakazi, kumuuliza analala na nani, kumwonyesha picha chafu kwenye simu, kumpigia simu usiku kwa mambo yasiyo ya kazi.

(c) Kugusa. Kumshika kiuno akipita na sahani, kumbana stoo, kumkumbatia kwa nguvu, mpaka kufikia kumbaka.

Wanaofanyiwa zaidi ni wanawake na wasichana. Lakini hata wavulana wanafanyiwa, hasa wale wanaolala dukani kulinda mali. Wao hunyamaza zaidi, maana wanaogopa kuchekwa.

Je, akinyamaza amekubali? Hapana. Fikiria mama mwenye watoto wanne, na posho ya chakula imepunguzwa. Akimjibu vibaya mwenye shamba, jioni watoto watalala njaa. Mama huyo anaweza kutabasamu na moyo wake unatetemeka. Wahenga walisema: kimya kingi kina mshindo mkubwa. Pale ambapo mmoja anashika mkate wa mwenzake, "ndiyo" ya mwenye njaa si ndiyo ya kweli.

Na utani je? Kwetu sisi utani ni mali ya wazee wetu. Babu anamwita mjukuu "mke wangu", na shemeji wanataniana mbele ya watu wote bila ubaya. Lakini utani huo una mipaka yake. Unafanywa kati ya watu wanaojulikana kuwa na uhusiano huo, unafanywa hadharani, na wote wawili wana haki ya kujibu. Msichana uliyemwajiri juzi si shemeji yako wala mjukuu wako. Hawezi kukujibu kwa utani, kwa sababu unaweza kumfukuza. Basi huo si utani tena. Kipimo ni rahisi: je, maneno hayo ungeyasema mbele ya baba yake na mke wako? Kama hapana, usiyaseme.

3. KWA NINI NI JAMBO LA AFYA?

Mtu anayenyanyaswa kazini anaumwa. Halali vizuri, kichwa kinamuuma kila siku, tumbo linasokota asubuhi kabla ya kwenda kazini, hana hamu ya kula. Wengine wanakuja kwenye kituo cha afya mara tatu au nne kwa "malaria", na kipimo hakionyeshi malaria. Wengine wanaacha kazi ghafla bila kusema sababu, na nyumbani wanaitwa wavivu.

Ikifika kwenye ngono ya kulazimishwa, kuna hatari ya virusi vya UKIMWI, kaswende, kisonono, homa ya ini aina ya B, na mimba isiyotakiwa. Mwenye kulazimishwa hana nafasi ya kudai kondomu. Ugonjwa hauishii kwake. Unaweza kufika kwa mume wake na kwa mtoto tumboni, na pia kwa mke wa yule aliyemlazimisha.

Hata biashara inaumia. Mfanyakazi mwenye hofu anavunja vyombo, anakosea hesabu na anachelewa. Ukimpoteza, unaanza kumfundisha mwingine tangu mwanzo. Na jina baya la hoteli yako litatembea kambi nzima kabla ya jua kutua.

4. SHERIA INASEMA NINI?

Hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza unyanyasaji wa kingono kazini. Inakataza mwajiri au mwakilishi wake kuomba ngono kwa kuahidi upendeleo au kwa kutisha, na inakataza pia maneno, picha na kugusa kwa namna hiyo. Mfanyakazi ana haki ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi wa wilaya. Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 anatakiwa kuwa na mpango maalumu wa kuzuia. Kanuni zilizotolewa mwaka 2012 zinataka mpango huo uandikwe. Kama wewe una wawili tu, sheria haikudai karatasi hiyo, lakini haikupi ruhusa ya kunyanyasa.

Mwaka 2023 Uganda iliridhia pia Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini. Mkataba huo unamlinda hata kibarua, mwanafunzi wa ufundi, mtu wa kujitolea na mtu anayetafuta kazi. Kuwa mkimbizi hakumwondolei mtu haki hizi.

Tena kumbuka: kufanya ngono na mtu wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai Uganda. Huwezi kujitetea kwa kusema "alikubali" au "alionekana mkubwa".

Kwa wafanyakazi wa mashirika kuna amri nyingine. Mwezi Oktoba 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alikataza wafanyakazi wake kutoa pesa, kazi, bidhaa au huduma ili wapate ngono. Mashirika yanayofanya kazi na Umoja wa Mataifa yanafuata sheria hiyo, na inatuhusu sisi wajitolea wa afya pia. Kazi, sabuni, turubai na orodha ya mgao havina bei ya mwili.

5. TUJIFUNZE KUTOKA BENI

Wengi wetu tumetoka Kivu ya Kaskazini na Ituri, na tunakumbuka Ebola iliyoanza Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020. Wakati huo kulikuwa na kazi nyingi za ghafla: kunawisha watu mikono, kupima joto, kufagia, kupika, kuhamasisha. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa taarifa yake Septemba 2021. Tume ilitaja watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono, na kati yao 21 ilithibitishwa kwamba walikuwa wameajiriwa na shirika hilo wakati wa kazi ya Ebola. Wanawake walieleza kwamba waliahidiwa kazi ili walale na wanaume hao, au walitakiwa kufanya hivyo ili wasipoteze kazi waliyokuwa nayo. Mkuu wa shirika aliwaomba radhi waathirika.

Kwa nini tunalitaja jambo hili? Kwa sababu lilitokea ndani ya kazi ya kuokoa maisha, katika shirika kubwa lenye sheria zilizoandikwa. Sheria kwenye karatasi peke yake haikutosha. Kazi zilikuwa haba, watu walikuwa maskini, na uwezo wa kuandika majina ulikuwa mikononi mwa watu wachache bila wengine kuona. Mambo hayo matatu yapo hata hapa kambini. Umaskini huwezi kuuondoa peke yako. Lakini namna ya kuandika majina na kulipa, hiyo iko mikononi mwako.

6. HATUA SABA ZA KUZUIA

Hatua ya 1: Tamka sheria yako siku ya kwanza. Mfanyakazi mpya akianza, mwambie mbele ya wenzake: "Hapa hakuna mtu wa kumdai mwenzake mapenzi kwa ajili ya kazi. Si mimi, si kapita, si mteja. Likikupata, njoo uniambie, na hutapoteza kazi." Maneno haya yanachukua dakika moja. Yaandike pia kwenye karatasi kwa Kiswahili na lugha nyingine zinazosemwa kazini, uyabandike ukutani.

Hatua ya 2: Andika majina hadharani. Kama una vibarua, tangaza idadi ya watu unaotaka, siku ya kazi na malipo. Majina yaandikwe mchana, mahali pa wazi, na watu wawili: mwanamume na mwanamke. Kama watu ni wengi kuliko kazi, fanyeni zamu au pigeni kura. Kapita asibaki na daftari peke yake nyumbani.

Hatua ya 3: Lipa mahali pa wazi, siku inayojulikana. Mshahara usichukuliwe nyumbani kwa mtu wala chumbani. Anayeandika majina na anayelipa wawe watu wawili tofauti. Kuchelewesha malipo ni mlango wa unyanyasaji, maana unayemdai pesa anaweza kukuambia "njoo jioni".

Hatua ya 4: Angalia mahali na saa. Stoo iwe na mwanga, na mlango usiofungwa kwa ndani wakati mtu yuko kazini. Choo kiwe na komeo, na kama inawezekana cha wanawake kiwe peke yake. Usimwache msichana afunge baa peke yake usiku. Wafunge wawili, watoke pamoja, au umtafutie mtu wa boda-boda anayejulikana. Shambani, wapange wanawake wafanye kazi karibu karibu, si kila mmoja na kona yake.

Hatua ya 5: Mlinde mfanyakazi dhidi ya mteja. Tunasema mteja ni mfalme. Lakini mteja akimshika mhudumu wako, wewe mwenyewe nenda mezani umwambie kwa utulivu: "Mzee, hapa tunauza chakula na vinywaji tu." Akirudia, atoke. Usimwambie binti "vumilia, huyo ananunua sana". Ukisema hivyo, umemuuza.

Hatua ya 6: Chagua mtu wa kupokea malalamiko. Mfanyakazi hawezi kumshtaki bosi kwa bosi. Tafuta mama anayeaminika na kujua kutunza siri, asiye ndugu yako wala wa kapita. Wenye biashara ndogo mnaweza kuchanga na kuwa na mtu mmoja kwa soko zima. Jina lake lijulikane kwa wafanyakazi wote.

Hatua ya 7: Jichunguze wewe mwenyewe. Ukiwa unawaita wafanyakazi wako "mpenzi" na kuwapiga makofi makalioni, karatasi ya ukutani haina maana. Kapita anaiga unachofanya wewe.

7. MFANYAKAZI AKIKUJIA NA MALALAMIKO

Mfano: Msichana anayeosha vyombo hotelini anakuambia kwamba mpishi mkuu anambana stoo kila jioni. Mpishi huyo amekaa nawe miaka mitano na wateja wanapenda chakula chake. Utafanya nini?

Fanya hivi:
- Msikilize mahali pa faragha, lakini mlango wazi au mama mwingine awepo kama binti anataka. Usimkatize.
- Mwambie: "Umefanya vizuri kuniambia." Usimwahidi usichoweza kutimiza.
- Muulize yeye anataka nini. Andika tarehe na maneno yake, uyafungie.
- Watenganishe mara moja. Mhamishe mpishi kwenye zamu nyingine, au apumzike mpaka jambo liangaliwe. Usimhamishe binti wala kumkata mshahara, kwa sababu hiyo ni kumwadhibu aliyesema.
- Msikilize na mpishi peke yake. Waulize kwa siri wengine wanaofanya kazi jioni.
- Ukiona ni kweli, chukua hatua inayolingana na kosa: onyo la maandishi, au kumwachisha kazi. Mrudie binti umwambie umefanya nini.

Usifanye hivi:
- Usimuulize "ulivaa nini?" wala "mbona hukupiga kelele?"
- Usiwaite wote wawili wasimame mbele ya wafanyakazi wajieleze.
- Usieneze habari sokoni.
- Usiwalazimishe "kusameheana" ili kazi iendelee.

Kama amebakwa, mambo ni ya haraka. Mpeleke au mwelekeze kituo cha afya siku hiyo hiyo, kama yeye anakubali. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Zinamezwa siku 28. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa mpaka saa 120, yaani siku 5. Atapewa pia dawa za magonjwa ya zinaa na chanjo ya homa ya ini. Ikiwezekana asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa, lakini hata akiwa ameshaoga, aje. Hata siku 5 zikipita, aje, maana bado kuna msaada. Matibabu hayasubiri barua ya polisi.

Ubakaji haumalizwi chini ya mti kwa kulipana mbuzi au kumwoza binti kwa aliyemharibu. Ni kesi ya polisi. Kama aliyefanyiwa ni mtoto, piga pia simu ya bure 116, inayoitwa Sauti. Hizo ndizo njia za kesi. Wewe kama mwajiri kazi yako ni kumpa nafasi ya kwenda na kumlipa siku hizo.

8. VISINGIZIO TUNAVYOSIKIA

"Ni yeye anayenitaka." Huenda. Lakini wewe ndiye bosi. Mwenye funguo za kazi ndiye wa kukataa.

"Mimi ni mwanamke, hainihusu." Inakuhusu. Msichana wako wa kazi anaweza kunyanyaswa na mume wako, kaka yako au kijana wako mkubwa. Mpe mahali pa kulala penye mlango wenye komeo, na mara kwa mara muulize habari zake mkiwa wawili.

"Je, kama ananisingizia?" Kazi ya hadharani inakulinda na wewe. Mwajiri anayelipa mchana mbele ya mashahidi, asiyeita wafanyakazi nyumbani usiku, ni vigumu kumsingizia. Ndiyo maana pia tumesema wasikilizwe wote wawili kabla ya kuamua.

"Tukilisema, tutaaibika." Mficha maradhi kifo humuumbua. Aibu ni kulificha mpaka binti aondoke na mimba au ugonjwa, na mwingine aingie mahali pake kufanyiwa vile vile.

9. MASWALI YA KUJIPIMA

Jibu mwenyewe, kisha mjadili na wenzako sokoni au kwenye kikundi cha akiba.
1. Kapita wako amemwambia mama mmoja aje kuchukua malipo nyumbani kwake saa mbili usiku. Hajamgusa. Je, kuna kosa? Utabadilisha nini kesho?
2. Ni nani kwenye biashara yako anayeandika majina, na nani analipa? Ni mtu mmoja?
3. Binti amebakwa Jumatatu jioni, na anakuambia Alhamisi asubuhi. Saa 72 zimeisha? Utamwelekeza wapi kwanza?
4. Kama mfanyakazi wako anakuogopa wewe mwenyewe, atamwambia nani?

Jibu la swali la 3: hazijaisha, zimebaki saa chache tu. Aende kituo cha afya sasa hivi, mambo mengine yafuate baadaye.

Swali la 4 ndilo gumu kuliko yote. Kama hukupata jibu, anza na hatua ya 6 wiki hii. Mtafute mama huyo wa kupokea malalamiko, uwaambie wafanyakazi wako jina lake. Mjitolea wa afya wa bloku yako yuko tayari kuja kufundisha somo hili kazini kwako, mchana au jioni, bila malipo.